Mbu wa mbao: ndege ya gundi iliyokishinda chuma

Mchukue fundi wa majahazi wa Matondoni, mtu aliyekulia baina ya tezo na randa, umweleze ya kwamba katika Vita Vikuu vya Pili vya dunia, wakati mataifa makubwa yalipokuwa yakifua chuma na alumini usiku na mchana, ilitokea ndege ya vita iliyoundwa kwa mbao, ikaungwa kwa gundi, ikavikwa kitambaa cha pamba, na juu ya hayo yote ikawa na mbio kuliko ndege za chuma za wakati wake. Huenda akakutazama kwa pembe ya jicho akidhani wamfanyia mzaha. Lakini akishasadiki, naamini swali lake la kwanza halitakuwa la injini wala la mabomu. Atauliza: "Iliungwaje?"

Swali hilo ndilo ufunguo wa habari zetu za leo.

Ndege hiyo iliitwa Mosquito, yaani mbu, na jina lilimwafiki mwenyewe. Ilikuwa ndogo, nyepesi, yenye mlio wa kukera, na aliyeifuata kwa kofi aghalabu alijipiga mwenyewe. Jumla ziliundwa ndege 7,781 katika Uingereza, Kanada na Australia, na ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 1950. Hata hivyo ilipopelekwa kwa mara ya kwanza mbele ya wakubwa wa Wizara ya Anga mjini London, ilichekwa. Wahenga walisema dau la mnyonge haliendi joshi. Hili lilikwenda, na inafaa tujue lilikwendaje na kwa gharama gani.

Simulizi hii haikusudiwi kuvisifu vita, maana vita havina sifa. Inasimuliwa kwa kuwa yaonyesha jinsi maarifa ya mikono ya kawaida, mikono ya maseremala na washonaji, yalivyoweza kuwapita wenye viwanda vikubwa. Na yaonyesha pia ya kwamba kila kitu kilichoungwa kina mahali pake pa kufumukia.

MPENDA NONDO

Mwenye ndege hiyo alikuwa Mwingereza Geoffrey de Havilland, aliyezaliwa mwaka 1882, mtoto wa kasisi. Ndege yake ya kwanza ilianguka ikavunjika. Ya pili, mwaka 1910, iliruka. Mabawa ya siku hizo yalikuwa ya vijiti na kitambaa, na aliyekishona kitambaa hicho kwa cherehani alikuwa mkewe, Louise. Mwaka 1920 de Havilland alianzisha kampuni yake mwenyewe.

Bwana huyu alikuwa na mapenzi makubwa ya wadudu, hasa nondo na vipepeo, hata akazipa ndege zake ndogo majina ya nondo. Ndege hizo hazikuwa ngeni kwetu. Bibi Florence Kerr Wilson alipoanzisha shirika la Wilson Airways mjini Nairobi mwaka 1929, alianza kwa Gipsy Moth ya de Havilland, na baadaye ndege nyingine za kampuni hiyo zikawa zikishuka Mombasa, Unguja na Dar es Salaam. Uwanja wa Wilson ulioko Nairobi unakumbusha jina la shirika hilo.

Wenzake walipoanza kuiacha mbao na kukimbilia chuma, de Havilland hakuiacha. Mwaka 1934 ndege yake ya mbao iitwayo Comet ilishinda mashindano ya kutoka Uingereza hadi Melbourne, Australia, ikifika kwa muda wa chini ya siku tatu. Baadaye aliunda ndege ya abiria iitwayo Albatross, ambayo kiwiliwili chake kilikuwa cha tabaka tatu: plaiwudi nje, plaiwudi ndani, na katikati mti mwepesi wa balsa. Basi vita vilipokaribia, alikuwa tayari na elimu ambayo wengi waliiona kuwa ya jana.

NDEGE ISIYO NA BUNDUKI

Siku zile wakuu wa majeshi ya anga waliamini jambo moja. Ndege ya kuangusha mabomu itashambuliwa njiani, kwa hiyo lazima ijihami kwa bunduki. Bunduki zahitaji vibanda vya kuzunguka, na vibanda vyahitaji watu wa kukaa ndani. Watu hao na risasi zao wana uzito, na uzito wahitaji injini zaidi. Injini nazo zahitaji mafuta, na mafuta yana uzito wake. Mwisho wa hesabu hiyo ni ndege kubwa, nzito, ya taratibu, ambayo kwa kuwa ni ya taratibu yahitaji bunduki zaidi.

De Havilland na msanifu wake mkuu, R. E. Bishop, waliigeuza hesabu hiyo juu chini. Ondoa bunduki zote, walisema. Ukiondoa bunduki utaondoa vibanda na wapigaji wake, na watabaki watu wawili tu, rubani na mwongozaji wa njia, wameketi bega kwa bega. Ndege itakuwa ndogo, nayo ikiwa ndogo mafuta yatapungua. Kisha itie injini mbili za Merlin za kampuni ya Rolls-Royce, injini ya jamii ile ile iliyokuwamo katika Spitfire, uiache ikimbie. Adui hawezi kukipiga asichoweza kukifikia. Sisi tumefunzwa kuwa haraka haraka haina baraka. Watu hawa walitaka kuifanya haraka iwe ndiyo ngao.

Na kwa nini mbao? Sababu zao zilikuwa za mtu mwenye kuyajua mambo ya soko. Vita vikianza, alumini itagombaniwa, na mafundi wa chuma hawatatosha. Lakini maseremala watakuwapo, kwa kuwa wakati wa vita hakuna anunuaye makabati na vinanda. Tena mbao iliyopigwa randa ikapakwa rangi haina vichwa vya ribiti, hivyo upepo huteleza juu yake kama maji juu ya samaki.

Wizara haikuvutiwa. Ndege ya mbao katika zama za chuma, tena isiyo na bunduki hata moja! Aliyewaunga mkono ni ofisa mkuu mmoja wa Jeshi la Anga, Sir Wilfrid Freeman, na wenye kejeli wakaiita ndege hiyo "upumbavu wa Freeman". Lakini alishikilia, na tarehe 1 Machi 1940 iliagizwa idadi ya ndege 50.

Kazi yenyewe ilifanyika mbali na macho ya watu, katika jumba la kale liitwalo Salisbury Hall, lililozungukwa na handaki la maji, kaskazini ya London. Hapo ndege ya kwanza iliundwa ndani ya banda lililojengwa lionekane kama ghala la mkulima. Mambo hayakuwa mepesi. Baada ya jeshi la Uingereza kushindwa Ufaransa na kuokolewa kwa mashua pale Dunkirk, serikali iliamua kushughulikia ndege za aina chache tu zilizokwisha kujulikana, na Mosquito ikafutwa katika orodha. Mwezi wa Julai ikarudishwa. Tarehe 3 Oktoba 1940 ndege moja ya Kijerumani ilipiga mabomu kiwanda cha de Havilland pale Hatfield. Watu 21 waliuawa, na sehemu kubwa ya vifaa vilivyotayarishwa kwa ajili ya Mosquito ikateketea.

Pamoja na hayo, tarehe 25 Novemba mwaka huo huo, ndege ya kwanza, iliyopakwa rangi ya manjano ili wapiga mizinga wa Kiingereza wasije wakaitungua kwa makosa, iliruka kutoka Hatfield. Rubani alikuwa mtoto wa mwenye kampuni, Geoffrey mdogo. Ilipopimwa na serikali mapema mwaka 1941 ilifikia mwendo wa zaidi ya kilomita 620 kwa saa. Spitfire za wakati huo, zilizokuwa fahari ya Uingereza, ziliachwa nyuma. Vicheko vikakoma.

KAZI YA MASEREMALA

Sasa tumjibu fundi wetu wa Matondoni. Kiwiliwili cha Mosquito hakikuundwa kama jahazi, kwa kulaza mkuku, kisha kusimamisha mataruma, kisha kupigilia mbao za ubavuni. Kwanza zilichongwa kalibu mbili za mti wa mkangazi, na baadaye nyingine zikafanywa kwa zege, moja ya ubavu wa kulia na moja ya ubavu wa kushoto. Juu ya kalibu ikalazwa plaiwudi nyembamba ya miti ya nchi za baridi. Ikapakwa gundi. Juu yake vikapangwa vipande vya balsa iliyotoka Ecuador, Amerika ya Kusini, kisha ikaja gundi tena na plaiwudi nyingine. Vyote vikabanwa kwa mikanda ya chuma mpaka gundi ikashika.

Balsa peke yake ni mti dhaifu, mtoto huweza kuubonyeza kwa kucha. Plaiwudi nyembamba peke yake yapindika. Lakini zikishikanishwa, tabaka mbili za nje hubeba mvuto na mgandamizo, na balsa ya katikati huzizuia zisikaribiane wala zisijikunje. Hapo wanyonge wawili hufanya mwenye nguvu mmoja, naye ni mwepesi ajabu.

Nusu mbili zilitoka katika kalibu kama maganda ya karanga. Kabla hazijaungwa, mafundi walizijaza nyaya, mabomba na kamba za kuongozea zikiwa wazi mbele yao juu ya meza, kazi ambayo katika ndege ya chuma mtu hulazimika kujipenyeza tumboni mwake kama aoshaye pipa. Zilipokwisha kujazwa, zikakutanishwa, zikatiwa gundi, zikawa kitu kimoja. Bawa lilikuwa zima, mita 16 na nusu kutoka ncha hadi ncha, lenye boriti mbili za mbao ndefu za jamii ya msonobari. Mwisho ndege nzima ilivikwa kitambaa laini cha pamba kiitwacho madapolamu, kilichopata jina lake kwa kijiji cha upande wa mashariki wa India, kikapakwa dawa ya kukikaza na rangi juu yake. Sisi wa pwani tuliozoea bafta na marekani twakijua kitambaa cha namna hiyo kwa kukishika tu.

Na mikono? Ilikuwa ni mikono ya watengeneza viti wa mji wa High Wycombe, ya waunda vinanda, ya mafundi wa bodi za magari, na ya wanawake wengi ambao kabla ya vita hawakuwahi kuingia kiwandani. Vipande vilitengenezwa katika karakana ndogo ndogo zilizotapakaa mijini na vijijini, kisha vikakusanywa mahali pamoja. Hata ndege ilipotobolewa na risasi, mara nyingi fundi wa mbao aliiziba huko huko uwanjani kwa kiraka na gundi, kama tunavyoziba mtumbwi.

MBIO NDIYO NGAO

Kazi yake ya kwanza vitani, mwezi wa Septemba 1941, haikuwa ya kuangusha kitu bali ya kupiga picha. Ilipaa juu sana kupita anga la adui, ikapiga picha zake, ikarudi. Mwisho wa Mei 1942 ikaanza kuangusha mabomu, na baadaye wengine wakaitia mizinga na bunduki na kuigeuza kuwa ndege ya kushambulia na ya kuwinda usiku kwa msaada wa rada. Ni nadra chombo kimoja kufaa kwa kazi nyingi hivyo.

Tarehe 30 Januari 1943 watawala wa Kinazi walikuwa wakisherehekea miaka 10 tangu kushika madaraka. Saa tano asubuhi Hermann Goering, mkuu wa jeshi la anga la Ujerumani, alikuwa ahutubie taifa kwa redio kutoka Berlin. Mosquito tatu zilifika juu ya mji saa hiyo hiyo, mchana kweupe. Hotuba ikacheleweshwa kwa muda wa zaidi ya saa moja, na wasikilizaji wakajua sababu. Alasiri zikaja nyingine tatu, wakati wa hotuba ya Goebbels. Moja katika hizo haikurudi.

Ilipofika mwaka 1944, Mosquito zenye watu wawili tu ziliweza kubeba hadi Berlin bomu moja la uzito wa kilo 1,800 hivi. Katika ndege zote za kuangusha mabomu za Uingereza, ni hizi zilizopotea kwa uchache kuliko nyingine, ukilinganisha na safari zilizokwenda.

Zilikuwapo pia Mosquito zilizovaa alama za shirika la abiria la BOAC, zikisafiri baina ya Scotland na Stockholm katika Sweden, nchi isiyokuwamo vitani. Zilikwenda kuchukua beringi za chuma kwa ajili ya viwanda vya Uingereza, na mara nyingine zilichukua mtu. Abiria alilazwa tumboni mwa ndege, mahali pa mabomu, na akapewa barakoa ya hewa. Mwezi wa Oktoba 1943 abiria mmoja alikuwa Niels Bohr, mwanasayansi mkubwa wa Denmark aliyekimbia asikamatwe na Wanazi. Inasimuliwa kuwa kichwa chake kilikuwa kikubwa, kofia yenye vyombo vya kusikilizia haikumwenea, na rubani alipomwambia afungue hewa hakusikia. Akazimia. Rubani alipoona hapati jibu alishusha ndege chini, na mzee wa watu akafika salama akisema amelala vizuri.

JUA NA MVUA ZA BURMA

Sasa twende mashariki, ambako habari hii yagusana na watu wetu. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye askari kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, wengi wao wakisemezana kwa Kiswahili, ilikuwa ikishuka Bonde la Kabaw katika Burma. Ilikuwa ni msimu wa mvua. Magari yalizama matopeni, malaria ilikuwa nyingi, na mbu halisi walikuwa adui sawa na Wajapani. Mapema mwezi wa Desemba divisheni ilifika Kalewa.

Katika msimu huo huo Mosquito zilikuwa zimesimama katika viwanja vya ndege vya India, bila banda wala kivuli, zikipigwa na jua mchana na mvua kila wakati. Kila seremala wa pwani ajua yatakayofuata. Mbao hunywa maji ikavimba, hutoa maji ikasinyaa, na kila ivimbapo na kusinyaa hukivuta kiungo. Ndege za mwanzo zilikuwa zimeungwa kwa gundi ya kaseini, itokayo katika maziwa, na gundi hiyo haipatani na unyevu wa nchi za joto, kwani huota ukungu. Baadaye ikatumiwa gundi ya kemikali iliyokuwa bora zaidi. Lakini mwaka huo baadhi ya Mosquito zilivunjika mabawa angani na waliokuwamo wakafa. Mwezi wa Novemba 1944 Mosquito zote zilizoko India zilizuiwa kuruka mpaka zikaguliwe.

Wakaguzi walikuta ngozi za mabawa zimeachana na boriti. Kukawa na ubishi mkubwa. Wengine walilaumu hali ya hewa na gundi, wengine walilaumu kazi mbovu kiwandani, vipande visivyokutana sawasawa vikajazwa gundi kuficha pengo. Huenda pande zote zilikuwa na haki, maana kiungo kibovu kikiwa kivulini huvumilia, kikitolewa juani husema ukweli. Baadhi ya ndege zilichomwa moto. Zilizobaki na zilizofuata ziliongezewa ubao wa kuziba maungio ya bawa, zikapakwa rangi ya fedha ili zirudishe joto la jua.

Wajerumani nao walipata somo hilo hilo kwa njia kali zaidi. Walipoona Mosquito zawashinda, walimwagiza msanifu wao hodari, Kurt Tank, aunde yao ya mbao, nao wakaiita Moskito. Iliruka mwaka 1943 na mwendo wake ulikuwa mzuri. Lakini kiwanda kilichotengeneza gundi yake maalumu, katika mji wa Wuppertal, kiliteketezwa na mabomu ya Waingereza. Ikatafutwa gundi ya badala, nayo ilikuwa na tindikali iliyokula mbao yenyewe. Mwaka 1944 ndege zikaanguka, na mpango wote ukavunjwa. Msanifu alikuwapo, mbao zilikuwapo, injini zilikuwapo. Kilichokosekana ni cha kuvishikanisha.

SHULE YA COPENHAGEN

Walioiunda ndege hii hawakusalimika na msiba wake. Mwezi wa Agosti 1943 John, mtoto mdogo wa de Havilland, alikufa wakati Mosquito mbili zilipogongana angani. Mwaka 1946 Geoffrey mdogo, yule aliyeirusha ya kwanza, alikufa akijaribu ndege ya jeti ya kampuni. Mama yao, Louise, aliyeshona mabawa ya mwanzo kwa cherehani, alifariki mwaka 1949. Mzee mwenyewe aliishi hadi 1965.

Msiba mkubwa zaidi uliwapata watu ambao hawakuwa na mkono katika kazi hiyo. Mosquito zilipata sifa ya kuruka chini chini juu ya mapaa na kupiga nyumba moja kati ya nyumba mia. Tarehe 21 Machi 1945 ndege 20, mbili zikiwa za kupiga picha, zilitumwa Copenhagen. Polisi wa siri wa Kinazi walikuwa wamefanya makao yao katika jengo liitwalo Shellhus, wakiweka humo majalada ya wapinzani wa Denmark, na juu kwenye dari walikuwa wamewafungia wafungwa ili wawe kinga. Wapinzani wenyewe ndio waliokuwa wameomba jengo hilo lipigwe.

Wimbi la kwanza lililipata jengo. Lakini Mosquito moja, kwa kuwa ilikuwa chini mno, ilipiga mlingoti wa taa karibu na reli, ikaanguka jirani na shule ya watoto iitwayo Jeanne d'Arc, ikawaka. Marubani wa nyuma waliuona moshi huo, na baadhi yao wakadhani ndiyo alama ya shabaha yao. Wakaangusha mabomu juu ya shule. Watoto 86 walikufa, pamoja na walimu wao na watu wazima wengine.

Kwa upande wa kivita kazi ilifanikiwa. Majalada yaliungua, na wengi wa wafungwa waliokuwa darini walisalimika. Mahali palipokuwa na shule pamesimamishwa sanamu ya ukumbusho. Mwendo ule ule uliokuwa ngao ya watu wawili ndani ya ndege haukuwapa muda wa kutazama mara ya pili, na walioko chini hawakuwa na ngao yoyote. Mtu akiisifu Mosquito, na inasifiwa sana katika vitabu, ni haki asome na ukurasa huo.

ILICHOKIACHA

Wazo la ndege ya mabomu isiyo na bunduki, yenye kutegemea mbio na urefu wa juu, halikufa pamoja na mbao. Ndege ya jeti iitwayo Canberra, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1949, ilikusudiwa ishike nafasi ya Mosquito na haikuwa na bunduki ya kujihami. De Havilland naye aliendelea na gundi. Jeti yake ya Vampire ilikuwa na kiwiliwili cha plaiwudi na balsa. Ndege yake ya Hornet iligundisha mbao na chuma pamoja. Jeti yake ya abiria, iliyorithi jina la Comet, ilitumia gundi hiyo hiyo kushikanisha chuma kwa chuma. Comet za aina ya nne ndizo zilizokuwa jeti za kwanza za Shirika la Ndege la Afrika Mashariki mwaka 1960, na wako wasafiri wetu waliozipanda hadi London bila kujua kuwa walikuwa wamebebwa kwa maarifa ya watengeneza makabati.

Mwaka 2014 Shirika la Ndege la Kenya lilipokea Boeing 787 yake ya kwanza. Karibu nusu ya uzito wa ndege ya aina hiyo si chuma, ni nyuzi za kaboni zilizopangwa tabaka kwa tabaka juu ya kalibu na kushikanishwa kwa gundi ya kemikali. Mada ni nyingine, lakini mtu wa Salisbury Hall angeitambua kazi hiyo mara moja.

Mosquito zenyewe zimebaki chache. Ndege ya chuma ikiachwa uwanjani hupata kutu na kungoja, ila ya mbao huoza ikaisha. Ile ya kwanza kabisa, ya manjano, imehifadhiwa katika makumbusho pale pale Salisbury Hall ilikoundwa. Na mwaka 2012, huko New Zealand, iliruka Mosquito moja iliyokuwa imebaki magofu, baada ya kuundiwa mbao mpya kabisa. Walioifufua walilazimika kuchonga kalibu upya, kupanga tabaka upya, na kujifunza upya kazi ambayo wanawake wa viwandani walikuwa wakiifanya kila siku miaka 70 nyuma.

Fundi wetu akiyasikia hayo nadhani atatikisa kichwa, kisha atairudia kazi yake. Atapitisha kidole juu ya maungio ya mbao mbili kabla ya kutia kalafati, kutafuta pengo ambalo jicho halilioni. Pale India, mwaka 1944, kidole cha namna hiyo kingaliokoa watu.